Orodha Iliyosomwa Mlangoni mwa Basi

Siku ya kuniaga shuleni, mshereheshaji alisema niliitumikia nchi kwa unyenyekevu. Watu walipiga makofi, nami nikapiga, maana ndiyo adabu. Lakini neno lile limenikwama kooni tangu siku hiyo. Sikuwa mnyenyekevu. Kuna asubuhi moja nilikuwa mwoga, na miaka mingi baada ya hapo nilikuwa na hasira. Nyinyi walimu vijana mnaobaki na timu mmeniomba niwaandikie namna ya kufundisha netiboli. Nitaandika, lakini mtavumilia na haya mengine, kwa sababu kujua kudaka mpira hakumsaidii msichana ambaye jina lake limefutwa.

Nilianza nikiwa darasa la tano, hapa hapa Isiolo. Kwetu ni Bula Pesa. Babu yangu ndiye aliyeshuka na mifugo yake na kukaa; baba alilinda ghala, mama aliuza makaa. Mwalimu wa michezo alikuwa Mwalimu Kananu, mama mfupi kutoka milima ya Nyambene, aliyefika na sweta tatu na mpira mmoja. Sweta hazikupata kazi hapa. Mpira ulipata kazi wiki mbili, kisha ukachomwa na miba ya migunga. Fundi wa baiskeli sokoni alitufundisha kuuziba, na mpaka leo naweza kuziba mpira huku nikisahihisha madaftari.

Milingoti yetu ilikuwa mabomba ya maji yaliyochakaa. Ringi ilikuwa nondo iliyokunjwa na mchomeleaji, na haikuwa duara kamili, kwa hiyo wafungaji wetu walijifunza kulenga upande wa kushoto. Mistari tulichora kwa majivu. Ikifika saa nane mchana upepo wa Isiolo unaifuta yote, ndiyo sababu tulifanya mazoezi asubuhi kabla ya kengele. Msiache desturi hiyo.

Mimi nilikuwa GD, mlinzi anayemkaba mfungaji wa pili. Kwenye netiboli mlinzi hamgusi mtu. Mwenye mpira ana sekunde tatu za kuutoa, na wewe unamzuia ukiwa umesimama futi tatu kutoka mguu wake. Futi tatu ni mbali ukiwa na hamu ya kunyang'anya. Mwalimu Kananu alikata kijiti cha urefu huo na kukilaza chini kati yangu na mfungaji, siku baada ya siku, muhula mzima.

"Mwari, miguu ibaki hapa," alikuwa akiniambia, akiniita binti kwa lugha ya kwao. "Mikono ndiyo iende."

Alinifundisha pia kwamba macho ya mchezaji hudanganya lakini kiuno chake hakidanganyi: mtazame kiuno, utajua anakwenda wapi. Nimewahi kucheza na wafungaji wa mataifa sita, na hakuna aliyenionyesha jambo ambalo Mwalimu Kananu hakuwa amenionyesha juu ya vumbi lile. Alistaafu bila hata cheti cha shukrani. Nilipouliza ofisini, niliambiwa netiboli ni mchezo wa watoto wa shule. Kana kwamba watoto wa shule hufundishwa na upepo.

Kutoka chuo cha ualimu niliitwa timu ya taifa. Sitawachosha na hadithi ya jezi ya kwanza. Nitawaambia tu kwamba kambini, katika hosteli moja ya Nairobi, nilipangiwa chumba na msichana kutoka mji wa Kinna aitwaye Talaso. Nilikuwa sijawahi kumwona, ingawa wote tulitoka upande huu. Alinisalimu salaam aleikum, akatambua mimi ni wa kanisa, akaongeza habari. Kisha akanionyesha kitanda chenye godoro zuri na kuniambia nikichukue, kwa kuwa mimi ni mrefu na miguu yangu itahitaji mahali.

Talaso alicheza senta. Senta ndiye anayekimbia kiwanja chote isipokuwa ndani ya nusu duara mbili za magoli, na kila mpira unapita kwake. Alivaa suruali ndefu chini ya sketi na kitambaa cha kichwa kilichofungwa kwa pini nne, na hakuna siku pini zile zililegea. Alikuwa na desturi moja ambayo sijamwona nayo mtu mwingine: aliruka, akadaka mpira akiwa bado hewani, na kabla hajatua alikuwa ameshajua anampa nani. Wapinzani walidhani anabahatisha.

Mwaka wetu wa tatu pamoja tulifuzu kwa mashindano ya bara, yaliyofanyika katika nchi moja ya kusini. Kila mchezaji alitakiwa kuwa na pasipoti. Mimi nilipata yangu kwa safari mbili. Talaso alirudishwa mara nne. Aliambiwa alete cheti cha babake, kisha cha babu yake, kisha wazee watatu wa Kinna waje wathibitishe kwamba wanamjua. Wazee walikuja, wakalala Nairobi siku mbili wakisubiri karani aliyekuwa likizoni. Mmoja wao alimuuliza karani, kwa upole kabisa, kama msichana anayeiwakilisha Kenya anaweza kuwa si Mkenya. Karani akamwita wa pili kwenye foleni. Lakini pasipoti ilitoka, na Talaso akalala nayo chini ya mto.

Asubuhi ya safari tulikuwa kumi na wawili, mabegi miguuni, basi la kwenda uwanja wa ndege limefunguliwa mlango. Katibu wa chama cha netiboli akasimama mlangoni na karatasi. Akasoma majina kumi na mawili, na manne kati yake hatukuwa tumewahi kuyasikia. Wasichana wanne waliovaa traki mpya wakatoka kwenye gari lake dogo. Majina manne ya wenzetu hayakusomwa. La Talaso lilikuwa mojawapo.

Kapteni wetu, Jerusha, alikuwa mwanamke mzito wa maneno. Alisogea akamwambia, "Mzee, bila Talaso hatuna senta. Hatupandi."

Katibu alieleza kwamba mavazi ya Talaso yangeleta matatizo na marefa wa kule. Ilikuwa uongo, kwa sababu tulishacheza na marefa wa nje mara nyingi na hakuna aliyesema neno. Kuhusu wale watatu wengine hakusumbuka hata kutafuta uongo. Kocha wetu, mtu mzuri asiyeweza kumkatalia mkubwa, alikuwa akitazama gurudumu la basi. Kisha Katibu akasema sentensi ambayo nimeibeba miaka yote hii:

"Anayetaka kubaki abaki. Viti havikosi watu."

Nilikuwa nimesimama karibu na mlango. Nilimfikiria mama, ambaye alishawaambia wateja wake wote wa makaa kwamba binti yake anapanda ndege. Nilifikiri kwamba nikibaki nitakuwa nimejinyima bure. Hizo ndizo sababu, nazitaja jinsi zilivyokuwa. Nikaokota begi langu.

"Akiru," Talaso akaniita. "Hata wewe?"

Nikamwambia, "Nitakuletea zawadi."

Nikapanda. Nilikuwa wa tatu. Wengine walifuata, na Jerusha akapanda mwisho, kwa sababu mtu mmoja hawezi kugoma. Basi lilipogeuka niliwaona wale wanne wamesimama langoni mwa hosteli. Watatu walikuwa wakilia. Talaso alikuwa akizitoa zile pini kichwani, moja moja.

Kule kusini tulicheza mechi tano kwa siku sita tukiwa wachezaji wanane. Wale wanne wapya walikwenda kutembea sokoni kila asubuhi. Siku ya tatu, mfungaji wetu aliteguka kifundo cha mguu. Siku ya nne, msichana aliyekuwa akishika nafasi ya Talaso alipata malaria. Tukabaki sita. Sheria inaruhusu kucheza na upungufu mradi senta awepo, na Jerusha akasema yeye atacheza senta. Lakini viongozi waliona aibu kuonekana na pengo mbele ya mataifa, wakaamuru mmoja wa wale wageni avae bibu, kile kizibao chenye herufi za nafasi. Akaletwa mpwa wa Katibu, Pauline.

Nilikuwa tayari kumchukia. Nilikuwa nimejiandaa tangu Nairobi. Akanijia pembeni na kuninong'oneza, "Dada, mimi sijawahi kucheza mchezo huu. Mjomba aliniambia ni safari."

Nilimweka upande mmoja wa kiwanja na kumwambia asimame pale, adake kinachomjia, ampe aliye karibu, asitembee na mpira. Alitembea na mpira mara tisa. Refa alipuliza filimbi mpaka watazamaji wakaanza kucheka, na kicheko kile kilitushukia sote, tukiwa na jina la nchi mgongoni. Tulifungwa mabao ambayo sitayataja. Mechi ilipokwisha Pauline alikaa chini kwenye mstari na kujifunika uso kwa bibu. Nikakaa naye. Hasira yangu ilikuwa inatafuta mtu, na nikaona wazi kwamba siye huyu. Mtu wake, yule Katibu, alikuwa jukwaani, kwenye kivuli, na soda.

Tuliporudi, chama kilitoa taarifa kwamba tumeshindwa kwa sababu wachezaji walikosa nidhamu na kupuuza mazoezi. Wachezaji! Nilisoma taarifa hiyo nimesimama barabarani. Usiku huo sikulala wala sikulia, nilisubiri kupambazuke ninunue karatasi. Niliandika kurasa nne kwa mkono: majina yaliyofutwa, majina yaliyoingizwa, nani ni ndugu wa nani, na maneno ya Katibu kama alivyoyasema.

Nilizunguka na barua ile kwa wenzangu. Wengi walisema wana kazi za kulinda. Jerusha alitia sahihi bila kuisoma mara mbili. Kisha, siku ya kurudisha traki, Pauline akanifuata mwenyewe.

"Andika jina langu kwa kirefu, dada," aliniambia. "Wasije wakasema ni mtu mwingine."

Mjombake alimfukuza nyumbani. Alisomea uuguzi baadaye kwa jasho lake, na hunitumia salamu kila Krismasi. Sisi watatu tulijibiwa kwa aya moja ya kutushukuru kwa huduma zetu. Hatukuitwa tena. Nilikuwa na umri ambao mlinzi ndiyo kwanza anaanza kuielewa kazi. Katibu aliendelea na kiti chake miaka mingi, akatunukiwa ngao ya kuendeleza michezo ya wanawake. Niliiona picha gazetini. Ngao ilikuwa kubwa.

Basi nikarudi Isiolo kufundisha. Hii sehemu mnaijua, mlinikuta ndani yake. Nilifundisha hesabu kwa mshahara na netiboli kwa ukaidi. Niliwaandikia barua wakubwa kuhusu uwanja wetu kuegeshwa malori, kuhusu wasichana kupewa mpira wa wavulana uliochakaa, kuhusu basi la shule kupatikana kwa soka na kukosekana kwetu. Walimu wakuu saba walipita juu yangu na kila mmoja aliambiwa na aliyemtangulia kwamba ana mwalimu msumbufu. Hiyo ndiyo hati ya makabidhiano ninayojivunia.

Kijiti cha futi tatu nilikitumia kama nilivyofundishwa. Somo jingine niliongeza mwenyewe: kila mchezaji wangu ana jalada. Ndani yake kuna nakala ya cheti cha kuzaliwa, picha, barua ya mzazi na fomu ya daktari, na jalada hilo halilali ofisini. Linalala kwangu. Mmenicheka sana kwa begi langu zito. Chekeni, lakini libebeni.

Talaso nilimwandikia mara tatu. Hakujibu. Ilipita miaka kumi na moja kabla sijamwona, nilipopeleka timu kwenye mashindano ya shule yaliyofanyika Kinna. Alisimama kwenye ukingo wa uwanja, ana watoto wawili na jembe. Alikuwa ametoka kumwagilia vitunguu. Nilimjua kwa namna alivyosimama, uzito wote kwenye vidole vya miguu. Nikamwendea na kumsalimu salaam aleikum.

"Aleikum salaam, mwalimu," akajibu. Mwalimu, kama angemjibu mtu yeyote anayepita.

Alitazama mechi mpaka mwisho. Kisha akaniambia senta wangu ana mikono mizuri lakini anafikiri akishatua, na hapo anakuwa amechelewa. Ilikuwa kweli. Nikaomba radhi, maneno mengi, yote niliyokuwa nimeyapanga kwa miaka. Nikamweleza habari ya barua. Alisikiliza huku akikwangua matope kwenye jembe.

"Barua niliisikia," alisema. "Ilikuwa barua nzuri, wallahi. Lakini uliiandika ukiwa umesharudi."

Aliniuliza kama timu imekula, akatuma mtoto alete maziwa. Tangu hapo tumekuwa tukipigiana simu mara chache kwa mwaka, kuulizana habari za mvua na bei ya vitunguu. Kiwanja hatukukitaja tena.

Sasa nifike kwenye muhula wangu wa mwisho, ambao baadhi yenu mmesikia umesimuliwa vibaya. Timu yetu ya wasichana ilichaguliwa kwenda mashindano ya kanda. Senta alikuwa Asekon, mtoto kutoka kijiji cha Gotu, ambaye hupanda pikipiki ya mjombake kuja mazoezini. Saa kumi na mbili asubuhi tulikuwa tayari, wazazi wamekuja kuaga, basi linanguruma. Akafika afisa mmoja kijana mwenye koti, akasimama mlangoni na kusoma orodha. Siku hizi orodha husomwa kwenye simu. Hayo ndiyo maendeleo.

Jina la Asekon halikuwamo. Mahali pake palikuwa na jina la msichana ambaye hakuwahi kuvaa bibu yetu, na msichana mwenyewe alikuwa ameshapanda, amekaa kiti cha mbele karibu na mamake. Afisa alisema cheti cha Asekon kina kasoro. Nikafungua begi, nikampa cheti. Alikitazama muda mrefu kuliko maandishi yaliyokuwamo yalivyohitaji. Kisha akasema mfumo umeshafungwa, hakuna linaloweza kubadilishwa.

Nilipanda ngazi ya kwanza ya basi, nikageuka. Magoti yangu ni mabovu sasa, nikashika mlango. Niliwaambia wasichana kilichotokea, bila kuongeza wala kupunguza. Nikawaambia kwamba mimi sitaondoka bila Asekon, lakini safari ni yao, na kila mmoja aamue.

Baba mmoja aliyetoka Leparua na binti yake alikasirika. Alitaka kujua binti yake amekosa nini hata anyimwe safari. Nilimwambia hajakosa kitu, ndiyo maana namuuliza yeye. Yule binti ni mlinzi, mrefu, hazungumzi sana. Alimtazama babake, akachukua begi lake, akashuka na kwenda kukaa kwenye mawe karibu na Asekon. Wengine wakashuka mmoja mmoja. Wawili walibaki kwenye viti vyao wakitazama dirishani. Msiwaseme vibaya. Mimi najua kiti kile kinavyokaliwa.

Dereva alizima injini. Afisa alipiga simu, akapigiwa, akazunguka nyuma ya basi, akapigiwa tena. Wazazi walianza kuuliza maswali kwa sauti, na yule baba wa Leparua, ambaye alikuwa amenigeuzia mgongo, ndiye aliyekuwa na sauti kubwa kuliko wote. Ilipofika saa tatu mfumo uliokuwa umefungwa ukafunguka. Jina la Asekon likarudi. Yule msichana mwingine alishushwa na mamake akilia. Hakuna aliyekuwa amemweleza kwamba amepewa nafasi ya mwenzake. Hilo nalo liandikeni kwenye deni la wakubwa.

Mimi niliandikiwa barua ya onyo, yenye makosa matatu ya tahajia, wiki tano kabla ya kustaafu. Nimeiweka kwenye jalada langu.

Jioni ya mechi yetu ya kwanza nilimpigia Talaso simu. Nilimsimulia yote, kuanzia simu ya afisa mpaka mawe.

"Na huyo mtoto alicheza?" akauliza.

Nikamwambia alicheza, dakika zote.

"Alicheza vizuri?"

Nilitaka kumwambia ndiyo. Lakini nilishamdanganya Talaso mara moja, siku nilipomwahidi zawadi. Nikamwambia ukweli, kwamba Asekon alicheza vibaya sana, aliangusha mipira, alitembea nayo, alimpa pasi refa.

Upande wa pili wa simu Talaso akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakohoa, na mtu nyumbani kwake akamuuliza kwa Kiborana kuna nini. Sikuwa nimesikia kicheko kile tangu chumba chetu cha hosteli. Alipopata pumzi aliniambia nimlete mtoto huyo Kinna, likizo ikifika, yeye mwenyewe amfundishe kudaka.